Fomu 34A zaidi ya 46,000: mtaanzia wapi?

*"Sisi ni vijana 12 wa Nakuru, wengi tumesomea takwimu na kompyuta. Tunataka kujenga hifadhi ya takwimu za uchaguzi wa Kenya. Tumeanza na ule wa 2022, ili Agosti 2027 itukute tumeshaizoea kazi. Tumenakili jumla za maeneobunge yote 290 kutoka kwenye runinga na magazeti, lakini idadi ya waliojitokeza haielewani: wengine wanasema asilimia 65.4, wengine 64.77, na sisi tumepata 64.25. Rafiki yetu anadai asilimia za wagombea wa urais zilizidi 100, kwa hiyo data yote ni bure. Tungependa pia kujua ni vijana wangapi walipiga kura, na kama inafaa tutume dodoso kwa kila ofisi ya eneobunge kama wafanyavyo Marekani. Tufanyeje?"*

Hofu yenu naielewa hivi: mna namba tatu za kitu kimoja, na mnadhani lazima mbili kati yake ziwe za uongo. Si lazima. Shikeni kikokotoo tuzifuatilie. Tarehe 15 Agosti 2022 zilitangazwa kura 7,176,141 za William Ruto, 6,942,930 za Raila Odinga, 61,969 za George Wajackoyah na 31,987 za David Mwaure. Jumla yake ni 14,213,027. Gawanyeni kwa wapigakura 22,120,458 walioandikishwa na mtapata 64.25, namba yenu hiyo hiyo. Sasa ongezeni kura 113,614 zilizokataliwa, maana waliozitumbukiza sandukuni nao walipanga foleni kama wengine. Mtapata 64.77. Hiyo ndiyo idadi ya waliojitokeza, na kosa lenu lilikuwa kuzisahau hizo kura zilizokataliwa.

Ile 65.4 ni ya ukoo mwingine. Ilitolewa na mwenyekiti wa Tume ya uchaguzi (IEBC) mara baada ya kura, kabla fomu za matokeo hazijakamilika, na msingi wake ni watu waliotambuliwa kwa vifaa vya KIEMS, yaani vile vya kielektroniki vinavyomtambua mpigakura kituoni. Ni takwimu ya awali iliyotoka kwenye chombo tofauti. Chombo chenyewe nacho kina mapengo yake: katika sehemu za Kakamega na Makueni vifaa viligoma na Tume ikaruhusu sajili ya karatasi itumike. Ihifadhini mkitaka, ila katika safu yake, yenye tarehe na chanzo. Msiiweke kamwe kwenye safu moja na namba za fomu.

Rafiki yenu hakosei kwamba zilizidi 100. Jumlisheni: 50.49 na 48.85 na 0.44 na 0.23 ni 100.01. Hoja hii ilitolewa hadharani na makamishna wanne wa Tume waliojitenga na matokeo, wakasema ile 0.01 ni sawa na kura kama 142,000. Hapo hesabu iliteleza mara mbili. Kwanza, asilimia 0.01 ya kura milioni 14.2 ni kura 1,421. Pili, hata hizo 1,421 hazipo popote, kwa sababu ziada hiyo imeletwa na kukadiria desimali tu. Rudieni kwa desimali tatu: 50.490, 48.849, 0.436 na 0.225. Jumla ni 100.000 kamili. Kwa hiyo hifadhi yenu iweke idadi za kura pekee. Asilimia zikokotolewe mwishoni, kila zinapohitajika, na zisiandikwe kwa mkono na mtu yeyote.

Kabla hamjakokotoa, amueni mnagawanya kwa nini. Mahakama ya Juu ilishaamua mwaka 2013 kwamba asilimia ya mgombea wa urais huhesabiwa kwa kura halali pekee. Mkiingiza zilizokataliwa, ile 50.49 inashuka hadi 50.09. Mgombea ni yule yule na kura ni zile zile. Mtu akiwaonyesha jedwali lisilosema limegawanya kwa nini, mrudishieni.

Sasa tuje kwenye tatizo ambalo hamkuliuliza, nalo ndilo kubwa: chanzo chenu. Matokeo ya urais husafiri kwa ngazi tatu. Kituoni, kura zikishahesabiwa, msimamizi wa kituo hujaza Fomu 34A, akaitia sahihi pamoja na maajenti waliopo. Fomu zote za eneobunge hujumlishwa kwenye 34B, na 34B zote huingia kwenye 34C ya taifa. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilishikilia kwamba matokeo yaliyotangazwa huko chini ni ya mwisho, na makao makuu hayana ruhusa ya kuyabadilisha. Mwaka huo huo, tarehe 1 Septemba, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais, na mojawapo ya hoja nzito ilikuwa jinsi matokeo yalivyopeperushwa na kuthibitishwa. Katika uchaguzi mkuu uliofuata, wa 2022, Tume ilipakia picha za 34A kwenye tovuti ya umma. Vyombo vya habari vikawaketisha watu wa kuzinakili, kila chumba kikifuata mpangilio wake, ndiyo maana saa moja ile ile runinga mbili zilionyesha viongozi wawili tofauti. Namba mlizonakili ni picha za katikati ya safari. Zifuteni, mwanze na 34A.

Kila mstari wa jedwali lenu uwe chumba kimoja cha kupigia kura. Shule moja inaweza kuwa na vyumba vitatu au vinne, kwa kuwa chumba kimoja, ambacho Tume hukiita kituo cha kupigia kura, hakiruhusiwi kupita wapigakura 700. Mwaka 2022 vituo vilikuwa 46,229, wastani wa wapigakura 478 kila kimoja. Ukianzia ngazi hiyo unaweza kupanda hadi wadi, eneobunge na kaunti wakati wowote. Ukianzia eneobunge, huwezi kushuka tena.

Utambulisho wa kila mstari ni msimbo wa Tume wenye tarakimu 15: tatu za kaunti, tatu za eneobunge, nne za wadi, tatu za kituo cha kuandikisha na mbili za chumba. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia siku ya kwanza. Misimbo ya kaunti inaanzia 001 ya Mombasa hadi 047 ya Nairobi, yaani yote inaanza na sifuri. Ukifungua faili katika Excel bila kuitahadharisha, programu inaona namba, inakata sifuri za mbele, kisha inaonyesha kitu kama 3.2E+13. Msimbo wa Nakuru, 032, unabaki na tarakimu 14, na wa Mombasa hadi Mandera unabaki na 13. Baadaye mkijaribu kuunganisha na orodha ya vituo, hakuna kinachokutana. Iwekeni safu hiyo kuwa ya maandishi kabla ya kubandika chochote, kisha hesabuni urefu wa kila msimbo. Usiofika 15 urudishwe. Msiunganishe kwa majina ya shule. Majina hurudiwa nchi nzima, na huandikwa kwa namna tano tofauti.

Kwenye picha ya 34A, nakilini kila namba iliyopo, hata zile mnazoweza kuzikokotoa wenyewe: kura za kila mgombea, walioandikishwa, zilizokataliwa, na jumla ya kura halali kama alivyoiandika msimamizi. Jumla yake ikitofautiana na jumla yenu, msisahihishe. Ya kwake ibaki kama ilivyo, yenu iwe safu ya pembeni, na tofauti iwe safu ya tatu. Tofauti hiyo nayo ni takwimu: inawaonyesha ni wapi makarani walichoka saa tisa usiku. Pia wekeni alama kama fomu ina sahihi ya msimamizi, ni maajenti wangapi waliotia sahihi, na kama sehemu ya maoni ina neno. Tenganisheni kura zilizokataliwa na zilizoharibika: ya kwanza ilikutwa sandukuni ikakosa sifa, ya pili mpigakura aliirudisha kwa msimamizi akapewa nyingine, wala haikuingia sandukuni. Ukizijumlisha, umemhesabu mtu mmoja mara mbili.

Kila fomu inakiliwe na watu wawili wasiotazamana, na mtu wa tatu afungue zile tu ambazo hawakukubaliana. Makosa mtakayoyakuta yanajulikana: 1 inasomwa 7, kura za wagombea wawili zinabadilishana mistari, jumla ya halali inaandikwa kwenye nafasi ya walioandikishwa, au picha ni ya chumba jirani iliyopakiwa kwa msimbo usio wake. Hilo la mwisho halionekani kwa hesabu yoyote, kwa hiyo mnakili aandike na jina la kituo kama lilivyo kwenye karatasi, mlilinganishe na msimbo.

Halafu kuna nafasi tupu. Hapa nawaomba msiwe wavivu hata kidogo, maana sifuri iliyoandikwa mahali pa pengo huharibu hifadhi nzima kimyakimya. Mgombea aliyepata 0 ni jambo moja. Picha isiyosomeka ni jambo jingine. Kituo ambacho swali halikihusu ni la tatu. Na hapa Marekani wana la kutufundisha. Kule hakuna tume moja inayoendesha uchaguzi wa nchi. Kila jimbo lina utaratibu wake, na mara nyingi kazi yenyewe hufanywa na kaunti au mji. Kwa hiyo tangu 2004, kila baada ya miaka miwili, tume yao ya usaidizi wa uchaguzi hutuma dodoso kwa majimbo yote 50, mji mkuu na maeneo ya ng'ambo, kuuliza habari za uandikishaji, kura za posta, kura za wanajeshi na raia walio nje, vituo, wafanyakazi na mashine. Wana misimbo miwili ya pengo: mmoja wa "haituhusu", mwingine wa "hatuna data". North Dakota, kwa mfano, haina uandikishaji wa wapigakura kabisa. Ukiiwekea sifuri, utajikuta unagawanya kwa sifuri. Chukueni wazo hilo la misimbo. Mimi ningeongeza wa tatu: "ipo lakini haisomeki".

Lakini dodoso lenyewe msilichukue. Wao wanauliza kwa sababu hakuna mahali pengine pa kupata majibu, na wanaouliza ni chombo cha serikali. Nyinyi mkituma barua 290, ofisi nyingi hazitajibu, zitakazojibu zitakuwa zile zenye mambo safi, na mtabaki na picha nzuri kuliko hali halisi. Matokeo tayari yako kwenye fomu. Dodoso lingefaa kwa yale yasiyo kwenye 34A: saa ya kufungua kituo, vifaa vilivyoharibika, waliosaidiwa kupiga kura, idadi ya makarani. Hayo ombeni kwa barua moja makao makuu, chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, mkitaja hati mnayoitaka, eneo na tarehe. Afisa anatakiwa kuamua ndani ya siku 21. Mkinyimwa au wakinyamaza, malalamiko huenda kwa ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Ombi la "data zote za uchaguzi" hurudi mikono mitupu. Ombi la "saa za kufungua vituo vya maeneobunge 11 ya Nakuru, 9 Agosti 2022" lina nafasi.

Tuzungumzie nguvu zenu. Fomu 46,229, kila moja mara mbili, dakika mbili kila mara: ni saa zaidi ya 3,000, yaani saa 257 kwa kila mmoja wenu, bila kuhesabu usuluhishi. Kwa saa tatu kila jioni, ni karibu miezi mitatu isiyo na Jumapili. Kundi la kujitolea huvunjika wiki ya tatu. Mna njia mbili za heshima. Ya kwanza, fanyeni Nakuru yote: walioandikishwa wamepita milioni moja, basi tarajieni fomu zaidi ya 2,000, kama saa 12 kila mtu. Mtajifunza makosa yote katika kaunti moja. Ya pili ni sampuli ya taifa. Pangeni orodha ya vituo kwa msimbo, chagueni kwa bahati nasibu namba kati ya 1 na 46, anzieni hapo, kisha mchukue kila cha 46. Mtapata vituo kama 1,005, na kwa kuwa orodha imefuata kaunti na wadi, sampuli itasambaa yenyewe nchi nzima. Kama waliojitokeza wanatofautiana kati ya vituo kwa mchepuko (kiasi cha kawaida cha kuachana na wastani) wa alama 15 za asilimia, makadirio yenu ya taifa yatakuwa na kosa la kiasi cha alama 0.9 juu au chini. Inatosha kwa taifa. Kwa eneobunge haitoshi hata kidogo, maana kila moja litapata vituo vitatu au vinne. Kituo kilichochaguliwa kisibadilishwe kwa sababu picha yake haipo, kiandikwe pengo. Vituo visivyo na picha safi mara nyingi ndivyo vya mbali, na mkivibadilisha, sampuli itahamia mijini bila nyinyi kujua.

Mimi ningeanza na Nakuru, kisha sampuli. Nchi nzima isubiri mpate watu.

Mkishapata waliojitokeza wa kila kituo, msitafute wastani wa asilimia. Chukulieni chumba chenye watu 600 waliopiga 300, na kituo cha gereza chenye 40 waliopiga wote 40. Wastani wa asilimia 50 na 100 ni 75, lakini ukweli ni 340 kwa 640, yaani 53.1. Jumlisheni kura, jumlisheni walioandikishwa, ndipo mgawanye. Mfano huo uwakumbushe pia kwamba asilimia 100 peke yake haimaanishi wizi. Angalieni kwanza kituo kina watu wangapi. Kura halali zikizidi walioandikishwa hilo ni jambo zito, na kanuni zinamtaka msimamizi wa eneobunge asiyahesabu matokeo ya kituo hicho. Hata hivyo, kabla hamjapiga kelele, rudini kwenye picha: mara nyingi ni tarakimu moja iliyonakiliwa vibaya, na mara nyingi iliyonakiliwa vibaya na nyinyi.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni vyumba vya shule moja. Wapigakura wa shule moja hugawanywa kwa alfabeti ya majina, wanatoka mtaa mmoja, kwa hiyo vyumba vinapaswa kukaribiana. Kimoja kikiwa na asilimia 62, cha pili 64 na cha tatu 91, fungueni fomu ya cha tatu. Tofauti ya kura za wagombea ichukulieni kwa tahadhari zaidi, kwa sababu herufi za majina hufuata jamii, na chumba kimoja kinaweza kujaa watu wa ukoo mmoja bila hila yoyote.

Mkiongeza nyadhifa nyingine, kila mstari uwe na tarehe ya kura. Nyinyi watu wa Nakuru mnalijua hili: ubunge wa Rongai ulipigiwa kura 29 Agosti 2022 pamoja na Kitui Rural, Kacheliba na Pokot South, na ugavana wa Mombasa na Kakamega, baada ya karatasi za kura kuchanganyika. Mkilinganisha waliojitokeza wa siku hiyo na wa tarehe 9 kama siku moja, mtatunga hadithi isiyokuwepo.

Swali la vijana lina jibu fupi lisilofurahisha: kwenye fomu hizi halipatikani. 34A haina umri wala jinsia. Ile asilimia 39.84 mnayoisikia ni sehemu ya vijana wa miaka 18 hadi 34 ndani ya sajili ya 2022. Ni walioandikishwa, wala haisemi walipiga kura au la. Anayeweza kutoa umri wa waliopiga ni Tume, kutoka kumbukumbu za KIEMS, kwa jumla bila majina. Ombeni hivyo. Kukisia kwa kulinganisha wadi zenye vijana wengi na zenye wachache hakutawaambia nani alipiga kura ndani ya wadi hizo.

Kuna mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi. Kabla ya kuchapisha makadirio ya sampuli, kaeni na mwanatakwimu wa chuo kikuu aikague hesabu yenu ana kwa ana. Kundi la waangalizi la ELOG limefanya hesabu sambamba za kura kwa sampuli katika chaguzi za Kenya, na ripoti zake zinafaa kusomwa kwa njia waliyotumia. Mkigusa orodha yenye majina au namba za vitambulisho, simameni, muulize ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kabla hata ya kuipakua. Sheria ya 2019 haijali kwamba nia yenu ni njema. Na mkigundua kituo ambacho fomu iliyobandikwa ukutani kituoni haifanani na ile ya tovuti, mtafuteni wakili siku hiyo hiyo. Ombi la kupinga urais lina siku 7 tangu kutangazwa, na la nyadhifa nyingine siku 28. Hifadhini picha asili bila kuihariri, mwandike nani aliipiga, wapi na saa ngapi. Wakili ataanza kuuliza hayo.